Dobi wa Malaika

Siku Fadhiya alipoondoka, Taib alikuwa anakula. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo, na ukimpa nafasi ataanza na hilo: kwamba wali ulikuwa bado watoa moshi, na mtu hana hata adabu ya kungoja mwenzake anawe mikono. Ilikuwa Jumatatu alasiri, ametoka kazini Shimanzi, mgongo wauma. Fadhiya alitoka chumbani na mkoba begani, buibui limefungwa mpaka kidevuni, na sanduku dogo la bati amelikumbatia kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni.

"Mchuzi uliobaki nimeufunika," akasema.

"Waenda wapi?"

"Kwetu."

"Kwenu kuna nini?"

"Kwetu kuna watu."

"Na mimi hapa ni nani? Gogo?"

"Kawaulize wenzio wa barazani. Wao ndio wakujuao."

Akateremka ngazi. Na Taib, mume wa watu, mwendesha foklifti wa miaka thelathini na nne, alifanya nini? Alimaliza wali. Kisha akanawa, akavaa kofia, akaenda kuwauliza wenzake wa barazani, kama alivyoelekezwa.

Sanduku lile lilikuwa na fulana tatu, kofia ya sufu, na jozi ya soksi zisizotosha hata kidole gumba cha baba mtu. Zilikuwa nguo za binti yao, aliyeishi siku kumi na moja akaenda zake, miaka miwili nyuma. Kila mwezi ukiandama Fadhiya alizitoa, akazifua kwa mkono, akazianika uani kwao, ule ua wa ndani wa orofa ya pili, mahali pasipofikwa na jicho la jirani. Zikikauka alizikunja akazirudisha. Halii, hasemi. Anafua tu. Hakuna aliyelijua jambo hilo duniani isipokuwa yeye, Mola wake, na mumewe. Na ukitaka kujua siri ilitokea upande gani kati ya hao watatu, huhitaji kusomea.

*

Baraza lilikuwa la nyumba ya Ghulam, pale Kibokoni, Mji wa Kale, jiwe lililolainishwa na makalio ya vizazi vitatu. Ghulam mwenyewe babu yake alitoka Bara Hindi, lakini Kihindi yeye alijua cha kutukania tu. Duka lake la spea za tuktuk liko Makadara, ulimi wake uko kila mahali. Alikuwa ameoa mara tatu na mara tatu ameachwa. Wa kwanza hakumaliza hata fungate ya harusi. Wa pili alikwenda Dubai kutafuta kazi, akadai talaka yake kwa simu, tena kwa ujumbe wa sauti ambao Ghulam aliwachezea watu wasikilize ili waone alivyodhulumiwa. Wa tatu aliondoka kimya kimya, na huyo ndiye aliyemuuma zaidi. Sasa mtu huyu, aliyezama mara tatu, ndiye aliyekuwa mwalimu wa kuogelea wa mtaa mzima. Hapakuwa na mume aliyegombana na mkewe asipite kwa Ghulam kwanza.

"Usimfuate, yakhe," Ghulam alimwambia, akimmiminia kahawa. "Mwanamke ni paka. Ukimwita yuwakimbia, ukimpuuza yuwaja mwenyewe ajisugue miguuni."

"Wako mbona hawakurudi?" akauliza mmoja.

"Wangu hawakuwa paka."

Watu wakacheka. Taib naye akacheka, maana ukikaa pale lazima ucheke. Asiyecheka leo ndiye anayechekwa kesho. Hivyo ndivyo alivyocheka mwezi uliopita pia. Siku hiyo alikuwa amenuna, Ghulam akamdadisi mpaka akamtapisha: kwamba ati kila mwezi mke wangu afua nguo za mtoto, miaka miwili sasa, nami sijui nimwambieje. Alilisema kwa uchungu, tuseme ukweli. Alitaka mtu amshike bega. Ghulam akahamisha tonge la muguka kutoka shavu hili hadi lile, akasema, "Kumbe, bwana, umeoa dobi wa malaika!"

Baraza zima likalipuka. Na baba wa malaika mwenyewe akacheka nao.

Lipo na sharti lao pale: ya baraza hufia barazani. Wanaume kumi wazima waliliamini hilo kama wanavyoamini jua litatoka Nyali. Ya nyumbani huja barazani bila kizuizi, mzigo usiolipiwa ushuru. Lakini ya barazani kwenda nyumbani, hapo mpaka umefungwa.

*

Alhamisi ujumbe ukaja. Mzee Mselem, baba yake Fadhiya, aliwaita kwa suluhu: Jumamosi baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwake Kuze. Kila upande uje na mtu wake wa kuusemea, kama ilivyo ada, mume na mke wakae kimya mpaka waulizwe. Baba yake Taib ni marehemu, na ami yake yuko Maskati, huonekana Idi hadi Idi katika simu. Akabaki na nani? Akamwambia Ghulam, na Ghulam akaweka mkono kifuani kama aliyepewa ubalozi.

"Niachie mimi. Wee kaa tu kama biharusi."

Ijumaa asubuhi Taib alikuwa ghalani Shimanzi, magunia ya mchele yako juu ya meno ya foklifti, aliposikia. Kulikuwa na mchukuzi mmoja ameinama kwenye bomba, anasuuza fulana yake ya kazi. Mwenzake akampigia kelele kutoka kwenye lori:

"Wee dobi wa malaika, fanya haraka, lori laondoka!"

Mchukuzi akacheka, akakamua fulana.

Taib akazima mashine mzigo ukiwa juu vile vile. Akashuka. "Umemwitaje?"

"Nani? Huyu?" Mtu wa lori alikuwa kijana wa bara, hana baya. "Si ni maneno tu. Nimeyaokota Makadara. Ati kuna mwanamke huko Mji wa Kale akili zimemruka, afulia mtoto aliyekufa. Basi mtu akifua, anaitwa hivyo. Kwani wamjua?"

Taib akaegemea foklifti. Aliyemshika mkono akamketisha juu ya kreti alikuwa Crispus, karani wa ghala, Mkamba wa Machakos, mtu wa kanisa na maneno machache. Crispus alikuwa mmoja wa wale waliokuja matangani miaka miwili iliyopita, akakaa mkekani na soksi zake zilizotoboka, akala alichopewa, akaaga.

"Ni shemeji?" Crispus akauliza.

"Ndiye."

"Na nani alitoa hiyo habari nyumbani kwako?"

Taib akatazama chini.

"Sawa," Crispus akasema. "Basi kesho, kwenye hiyo suluhu uliyoniambia, mwambie shemeji: Mimi ndiye niliyesema. Halafu unyamaze."

"Kwetu kuna mtu wa kukusemea, Crispus. Mwenyewe husemi."

"Hata kwetu yupo. Tunakwenda na wazee na mbuzi, mwenyewe anakaa pembeni kama mgonjwa. Lakini kuna jambo ambalo mzee hawezi kukusemea, kwa sababu mdomo uliolitoa si wake." Akainuka. "Na ushushe mchele wa watu. Utaua mtu."

*

Makadara mchana ule tuktuk zilikuwa zinapigiana honi kama kwamba kuna zawadi. Taib aliingia dukani kwa Ghulam hata salamu hakutoa.

"Limefika Shimanzi."

"Nini?"

"Lile jina. Wachukuzi waitana nalo! Fadhiya ameondoka kwa ajili ya lile jina!"

Ghulam akamtuma fundi wake nje kwa mkono. Akashusha sauti. "Mimi nililisema barazani. Lililotoka hapo si langu."

"Wameliokota hapa Makadara. Mwenye duka Makadara barazani petu ni nani? Mimi?"

"Basi nililisema na hapa, siku moja, kwa mzaha. Ulimi hauna mfupa. Wataka nini, niukate?"

"Nataka kesho useme."

Ghulam akacheka, lakini kicheko hiki hakikuwa kile cha barazani. "Hebu fikiri kama mtu mzima. Kesho niseme: Mzee Mselem, mkwe wako hutuletea ya chumbani kwake, nasi twayatia chumvi. Kabla ya magharibi kila mke wa mtaa ule atamuuliza mumewe, nawe wasema nini kule? Utavunja nyumba kumi ili ujenge moja? Na hiyo yako yenyewe itajengeka? Akijua ni wewe harudi abadan. Twasema ni watoto wa mtaani. Mtoto hana dhambi. Basi, yaisha."

"Na yeye akiuliza watoto walijuaje?"

"Haulizi. Hapo mimi nishaweka maneno ya utamu." Akamsogelea, akamshika bega, lile bega ambalo Taib alitaka lishikwe mwezi uliopita. "Taib. Siku ile makaburini, nani aliingia ndani?"

Taib akafumba macho.

"Wewe miguu ilikufa. Mtu wa kumpokea mtoto hapana. Nani aliyevua viatu akashuka kwenye shimo akampokea mwanao kwa mikono hii miwili, akamlaza? Ami yako wa Maskati?"

"Wewe."

"Basi."

Na hiyo ndiyo iliyokuwa tabu ya Ghulam, ingekuwa rahisi kumchukia kama angekuwa mbaya siku zote. Alishuka kweli. Alitoka na mchanga mpaka kwenye nyusi, analia kuliko baba mtu. Taib alitoka dukani amekubali.

*

Jumamosi walikwenda na bakuli la halua kutoka kwa muuza halua wa kichochoro cha nyuma, ile yenye lozi nyingi, bei ya kutia kizunguzungu. Ghulam alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Wakavua viatu, wakakaribishwa juu. Mzee Mselem alikuwa kwenye kiti, tasbihi mkononi. Fadhiya amekaa mkekani, macho kwenye mkeka. Kando yake, upande wa mkono wa kulia, alikuwa shangazi yake Bi Shifa, na hapo Ghulam akajikwaa kidogo, maana alitarajia mwanamume.

"Mbona wamwangalia hivyo dada yangu?" Mzee Mselem akauliza. "Huyu ndiye msemaji wetu. Ndugu yangu ana akili kunishinda."

"La, Mzee, heshima tupu," Ghulam akasema. Halua ikawekwa katikati. Dua ikasomwa. Kahawa iliendelea kukaa ndani ya birika, na hakuna aliyeimimina.

Ghulam akaanza. Ah, alisema yule mtu! Alianza na babu, akapita kwa ujirani, akasema nyumba ni kabati la vyombo na vyombo havikosi kugongana, akasema shetani hana kazi ila mke na mume.

Bi Shifa akamngoja amalize. "Ghulam, wewe vyombo vyako vitatu viligongana au ulivitupa?"

Mzee Mselem akakohoa kwenye ngumi. Taib alitamani mkeka umfunike.

"Bi Shifa, leo si siku yangu."

"Ni kweli. Haya, sisi tuna suala moja tu, wala si refu. Fadhiya mwanangu, sema."

Fadhiya akainua uso. Alikuwa amekonda siku tano tu hizo.

"Jumatatu nilikwenda dukani kununua sabuni ya kufulia. Dukani mmejaa watu. Mwenye duka akamwambia msaidizi wake, mpe dobi wa malaika sabuni yake. Watu wakageuka wakanitazama. Wengine wakacheka. Nilikuwa na pesa mkononi, nikazirudisha, nikatoka. Mpaka natoka mlangoni nilikuwa sijajua wananicheka nini. Nimejua njiani." Akamgeukia Taib. "Nataka mume wangu aniambie. Neno hilo, na habari yenyewe, ilitoka kinywani mwa nani?"

"Watoto wa mtaani hao, Mzee," Ghulam akadakia. "Watoto wa siku hizi adabu wameuza..."

"Sikukuuliza wewe," Fadhiya akasema.

Taib akamtazama Ghulam. Ghulam hakumtazama, alikuwa akiitazama mikono yake miwili, ameiweka magotini, viganja juu.

"Watoto," Taib akasema.

"Watoto gani?"

"Wa mtaani."

"Na wamejuaje nifuayo uani kwangu?"

"Labda walichungulia."

"Orofa ya pili, Taib. Hao watoto wana mbawa?"

Mtu mwingine angejibu, hata sasa. Mlango ulikuwa bado wazi, Fadhiya alikuwa ameushika kwa mkono wake mwenyewe. Alimngoja. Alimngoja mpaka mbu akatua mkononi mwake, akanyonya, akaruka.

"Nilijua tangu Jumatatu ile ile," akasema mwishowe. "Nilirudi dukani, nikamwambia mwenye duka, ulilipata wapi? Akaona haya, akanieleza yote. Ghulam alilicheka mbele yake, akasema amepewa na mume wangu mwenyewe. Sikulia kwa jina. Nilisema, ngoja niwaweke wote wawili mbele yangu, nione mume wangu atamsitiri nani."

Bi Shifa hakupandisha sauti. "Tulikuoza mtoto wetu tukakwambia, huyu ni nguo yako nawe nguo yake. Wewe nguo yako umeivua, Taib, ukawapa wenzio wapangusie viatu. Kisha waja hapa unatetea viatu."

Mzee Mselem akainuka, na mwenye nyumba akiinuka maneno yamekwisha. Wageni walipokuwa wakivaa viatu chini, Bi Shifa akateremka na lile bakuli la halua, halijafunuliwa hata kidogo, akalirudisha mikononi mwa Taib kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Angelitupa ingekuwa afadhali.

*

Hawakufika hata pembe ya kichochoro. Ghulam akachomoa bakuli mikononi mwa Taib, akafunua, akatia vidole.

"Itaharibika bure," akasema, mdomo umejaa. "Lozi zenyewe tamu. Yakhe, usijitie huzuni, umeokoka. Wataka maisha ya kuulizwa hesabu ya kila neno? Mwaka mzima huu nakaa barazani peke yangu usiku, nyinyi mwaondoka mmoja mmoja kwenda kwa wake zenu. Sasa tuko wawili."

Taib akasimama. Akamtazama rafiki yake usoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na kitu ya urafiki akauona uso ule kama ulivyo, mafuta ya halua yakimetameta midomoni. Haukuwa uso wa mtu aliyeshindwa suluhu. Ulikuwa uso wa mtu aliyepata alichokwenda kukitafuta. Mke wa mtu alikuwa ameondoka na huyu amefurahi. Alikuwa amefurahi!

Akalipiga bakuli. Halua ikaruka, ikagonga ukuta, ikateleza mpaka kwenye mtaro.

"Wazimu?" Ghulam akapiga kelele. "Mimi ndiye wa kunifanyia hivi? Mimi niliyeingia kaburini kwa ajili yako!"

"Uliingia," Taib akasema. "Ukamlaza. Kisha ukamfukua ili watu wacheke. Nami nilikushikia taa."

Akageuka. Ghulam akamwita kwa jina, kisha kwa tusi, kisha kwa jina tena. Taib alikuwa ameshafika chini ya nyumba ya Mzee Mselem. Mlango umefungwa. Hakubisha hodi. Alirudi nyuma hatua mbili, akainua uso kuelekea madirisha, akapaza sauti kama mnadi wa samaki.

"Ni mimi! Fadhiya! Wala si watoto! Ni mimi niliyesema barazani! Ghulam akatoa jina, watu wakacheka, na mimi nikacheka! Nilicheka!"

Madirisha ya jirani yakafunguka. Mama mmoja akatoka na mwiko mkononi. Fundi cherehani wa ng'ambo akasimamisha mashine. Wanaume wawili wa barazani, waliokuwa wakipita kwenda zao, wakakaza mwendo, vichwa chini, kama watu waliokumbuka kitu jikoni. Taib akasema tena, yote, tangu mwanzo, jasho likimtiririka na koo likimkwaruza, akataja mtoto, akataja siku kumi na moja, akataja sanduku, mpaka mwisho sauti ikamkauka.

Juu, ubao wa dirisha ukasogea. Fadhiya hakuwa amejifunika uso. Alimtazama chini pale, mume wake, katikati ya mtaa, anahema.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Maneno hayo yalikuwa madogo, Taib. Yangetosha chumbani, wewe na mimi, hata kwa kunong'ona."

"Najua."

"Jumatatu saa tatu, kwa kadhi. Nataka talaka yangu." Akaushika ubao wa dirisha. "Na uje peke yako."